Gari la Kadar Huzimika Uwanjani

Kufikia Alhamisi, Abdinoor alikuwa amelichoka gari la mdogo wake kuliko alivyowahi kuchoka kitu chochote chenye magurudumu. Alikuwa fundi wa umeme wa magari mjini Garissa, na gereji yake, yaani turubai moja na miti minne, ilikuwa nyuma ya soko la mbuzi. Tangu ujana wake alikuwa amefufua malori, pikapu za maziwa ya ngamia, hata tingatinga ambalo kuku walikwisha anza kutagia ndani. Lakini hii motokaa kuukuu, DX ya huyo mdogo wake Kadar, ilikuwa imemtoa jasho bure. Gerejini ilikuwa na adabu za bibi harusi. Uwanjani ilizimika.

Uwanja wenyewe ulikuwa nje ya mji, upande wa Modika. Vijana walikodi greda, wakakwangua vichaka, wakapata mzunguko wa vumbi wenye kona za kuvunja shingo. Jumamosi palikuwa na mbio, na timu moja ya Nairobi ilikuwa inakuja kutafuta dereva. Kadar alikuwa amekataa duka la mjomba, akakataa ngamia, akakataa kila alichopewa tangu amalize shule. Usukani tu ndio aliokuwa akiupenda. Na kila alipozunguka uwanja mara chache, mambo yalikuwa yale yale: taa nyekundu ya betri inawaka, injini inakohoa, inakufa.

“Abowe, ni oltaneta,” alisema Kadar, akimwita kaka mkubwa kama ada ilivyo. “Hiyo nyingine uliyofunga nayo ni mbovu.”

“Nayo ni mbovu,” Abdinoor alirudia. “Zote za Garissa ni mbovu, mdogo wangu, nzima ni wewe tu.”

Alikuwa na haki ya kununa. Oltaneta ndiyo inayozalisha umeme injini ikizunguka na kuirudishia betri kile ilichotoa. Ikilala, betri hujila yenyewe mpaka iishe. Kwa hiyo alikuwa ameibadilisha. Alibadilisha mkanda pia, maana mkanda uliolegea huteleza injini ikipigwa kwa nguvu. Alipuliza vumbi, akajaribu betri nyingine. Kila mara mita yake ilisoma volti kumi na nne, sawasawa kabisa, na kila mara Kadar alirudi akikokotwa kwa kamba nyuma ya Land Cruiser ya watu. Gari la barabarani lina huruma, hukupa nafasi ya kulipima. Hili la uwanjani huugua likiwa mbioni tu. Ukilisimamisha ulitazame, limepona.

Ikabidi afanye alichokuwa akikikwepa wiki nzima. Alivuta nyaya ndefu kutoka kwenye injini, akazipitisha tundu la pedali hadi ndani, akaketi kushoto kwa Kadar na mita mapajani. Mgongo wake, ambao hata swala siku hizi ulikuwa unaisali kwa kulalamika, ulijua kinachokuja.

“Polepole, nisome,” alisema.

“Polepole halizimiki,” alijibu Kadar, akaondoka.

Mzunguko wa kwanza Abdinoor hakuona mita wala uwanja. Aliona paa. Kwenye wa pili alijifunza kubana goti mlangoni. Akaanza kusoma, vumbi likimjaa mdomoni, na sindano ya mita ikamwambia jambo ambalo hakulitarajia. Oltaneta ilikuwa inafanya kazi yake. Waya mmoja alikuwa ameugusisha kwenye mwili wa oltaneta, na mwingine kwenye hasi ya betri, mahali ambapo sindano ilitakiwa kulala kwenye sifuri. Haikulala. Kila gari lilipogonga tuta iliruka, na kadiri injini ilivyopata moto ndivyo ilivyozidi kupanda. Umeme ulikuwa ukitoka lakini haupati njia ya kurudi. Taa nyekundu ikawaka, gari likakohoa, likafa kwenye kona ya mbali, na wakakaa humo ndani wakingoja kukokotwa.

Kadar alipokwenda msikitini alasiri, Abdinoor alibaki gerejini, akafunua boneti peke yake. Alitafuta ule waya mnene unaofunga injini na bodi, ambao mafundi huuita athi, ndiyo njia ya kurudi yenyewe. Bolti yake imejificha nyuma, chini, mahali pa kupapasa. Aliilegeza. Kati ya kichwa cha waya na bati la bodi, kidole chake kiligusa kitu laini. Akamulika.

Kilikuwa kipande cha ngozi kilichokunjwa na kushonwa pande zote. Hirizi. Na ule mshono wa kuvuka-vuka aliujua vizuri, maana ndio ulioshona mashati yake ya shule.

Mama yao, Nurto, alikuwa amekataa katakata habari za mbio, kisha siku moja akakubali ghafla, akaomba afunguliwe gari, hata boneti, alisomee dua. Hakuna aliyeshangaa. Deeq, mtoto wake wa katikati, alifia kwenye gari lililopinduka njia ya Hadado, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Abdinoor alicheka kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kucheka. Oltaneta mbili, mkanda, betri, mgongo, kumbe ni hirizi ya mama. Gari likiwa limetulia, bolti ilipitisha umeme wa kutosha. Likitikisika na kupata moto, ngozi ililegea na njia ikakatika. Angeweza kuitoa hapo hapo, lakini kitu alichofunga mama hakifunguliwi bila ruhusa yake. Aliikaza bolti kama alivyoikuta, akaenda nyumbani.

Nurto alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele. Alimmiminia shaah, chai ya maziwa, kabla hajaketi.

“Hooyo,” alisema Abdinoor, “ile hirizi ya gari la Kadar imekaa pabaya. Inazuia umeme. Naomba ruhusa niitundike kwenye kioo.”

“Kwenye kioo haitafanya kazi.”

“Dua ni dua, Hooyo, popote ilipo.”

“Mle hamna dua.” Hakuinua macho kwenye mchele. “Ngozi tupu. Maneno ya Mungu niyatie kwenye grisi? Dua zangu nazisoma kwa mdomo, kila alfajiri.”

Abdinoor alishika kikombe bila kunywa.

“Miaka mingapi nimekaa gerejini kwako na sufuria mapajani, nikingoja ule?” mama yake alisema. “Ulidhani nasikiliza mbuzi? Kila mteja ulimwambia, angalia athi, ikishika vibaya gari litakufa polepole. Nikasema, hilo ndilo nataka. Life polepole, naye ashuke kwa miguu yake.”

“Anataka sana kushinda, Hooyo. Hana kitu kingine.”

“Najua. Gari la Deeq halikuzimika. Ulilitengeneza likawa zuri, likaenda vizuri mpaka Hadado.”

Alilisema bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililomuuma.

“Kadar atakwenda kwa fundi mwingine,” alisema Abdinoor. “Ataiona.”

“Na aione. Siwezi kuwazuia mafundi wote wa Garissa. Akiifungua mtu baki na likatokea la kutokea, nitakuwa na mtu wa kumlaumu. Wewe usiifungue, Abdinoor. Mmebaki wawili. Nikimkosa mmoja, nataka niweze kumtazama huyo mwingine.”

Akarudisha mikono kwenye mchele. Abdinoor alimaliza shaah kwa sababu alimiminiwa, akarudi gerejini kwa mwendo wa mzee.

Kadar alikuwa amekwisha keti nyuma ya usukani. “Umepata?”

“Sikupata. Limenishinda.”

Kadar alimtazama usoni, akingoja mzaha uliozoeleka ufuate. Haukufuata. “Wewe, Abowe?”

“Mimi. Jaribu kwa mwingine.”

Sauti ya kijana ilikuwa ya upole, upole ambao watu huwapa wagonjwa. “Usijali. Umechoka tu. Pumzika.”

Aliwasha gari, likaitika mara moja kama linavyoitika siku zote likiwa gerejini, akatoka nalo taratibu kati ya mbuzi kuelekea kwa mafundi wa barabara kuu. Abdinoor alikusanya nyaya zake, akaketi juu ya tairi. Maisha yake yote alikuwa akiwasema mafundi wale kwamba hawajui kazi. Sasa aliinua mikono, ina grisi hivyo hivyo, akamwomba Mungu iwe kweli.