Picha Nyekundu Kutoka Upanga

Kwanza ilikuwa milio ya namba, tii-ta-ta-tii. Halafu kimya kifupi. Halafu kwaruuu, kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga huku pembeni kuku anakabwa. Hata leo naikumbuka kelele ya modemu ile mpaka pale inapovuta pumzi. Wateja wapya walishtuka, wengine walinitazama kwa huruma wakidhani nimeharibu kitu. Mimi nilikuwa natabasamu tu. Kelele ikinyamaza, tumeshaingia duniani.

Kafe yetu ya intaneti ilikuwa ghorofani Kariakoo, juu ya duka la madaftari ya jumla. Duka na kafe vyote vilikuwa vya bosi wangu, Mchaga mpole mwenye sauti kubwa, ambaye alifungua kafe kwa sababu jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa amefungua. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Televisheni zimekuja, simu za mkononi zimekuja, na kila mwenye chumba cha juu anataka kukijaza kompyuta. Sisi tulikuwa nazo nne kwa laini moja ya simu.

Mimi niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache yalale. Lakini kompyuta sikuiogopa. Nilisoma kila maelezo yaliyojitokeza kwenye kioo, hata yale ambayo watu wote wanabonyeza kukubali bila kusoma. Na nilikuwa naota. Nilijiona siku moja nimekaa kwenye chumba changu chenye feni, watu wa Bongo nzima wananipigia simu: dada, mashine imegoma, njoo. Nami naenda na begi langu.

Tatizo letu lilikuwa bosi. Aliogopa laini isije ikaelemewa, kwa hiyo alimwambia fundi aliyetufungia intaneti aache mlango mmoja tu: kurasa za kusoma na barua pepe. Muziki hapana, video hapana, na kitu chochote kizito kinakatwa njiani.

"Hii laini ni uzi," alikuwa akisema. "Ukipitisha gunia kwenye uzi, unategemea nini?"

Sasa, jirani yetu mmoja alikuwa mama wa Kihindu mwenye duka la vitambaa. Alikuja kwetu kila asubuhi kusoma barua za kaka yake aliyehamia Uingereza, na mimi ndiye niliyemfungulia. Siku moja alikuja na boksi na macho mekundu. Mama yao mzazi alikuwa anaishi naye Upanga, kwenye fleti, na mchana anabaki peke yake. Mwezi uliopita aliteleza bafuni akakaa sakafuni mpaka jioni binti yake aliporudi kutoka dukani. Hakuvunjika, ila kaka mtu aliposikia akasema basi, mama anahamia kwake Uingereza.

"Na Ba hataki," mama wa vitambaa aliniambia. Ba ni mama, kwa Kigujarati. "Anasema amezaliwa hapa, jua lake liko hapa, huko atakufa na soksi."

Wakagombana kwenye simu wiki nzima, mwisho kaka akalegeza. Fleti tayari ilikuwa na kompyuta ya zamani iliyoachwa na watoto wa kaka. Akatuma lile boksi, ndani mna kamera ndogo ya kuunganisha, ya mviringo kama limau. Kama yeye na dada yake wataweza kumwona mama kila siku kwa wiki mbili bila kukosa, Ba atabaki. "Lakini siku moja tu nisimwone," aliandika, "nakata tiketi."

Programu aliyoituma pamoja nayo ilikuwa ya video. Video kwetu, umeshasikia, hapana. Fleti nayo ilikuwa na laini ya simu dhaifu kama yetu. Mama wa vitambaa akanitazama kama watu wanavyomtazama daktari.

"Dada, itawezekana?"

"Itawezekana," nikasema, na kusema kweli nilikuwa bado sijui. Lakini nilijua kwamba mlango wa kurasa uko wazi. Kitu kikijifanya ukurasa, kitapita.

Nilisoma maelezo ya programu siku mbili, kamusi mkononi. Siku ya tatu nikaenda Upanga. Nikaiwekea kompyuta ya fleti utaratibu: kila baada ya nusu saa inapiga simu yenyewe, inatuma picha moja ndogo iliyotulia, inakata. Picha mpya inakaa juu ya zile za nyuma kwenye ukurasa wenye neno la siri, na ukurasa ule ukifunguliwa Kariakoo au Uingereza, Ba yumo, kakaa kwenye kiti chake cha kamba. Gunia halikupita kwenye uzi. Tulipitisha punje moja moja.

Ba mwenyewe alinisimamia muda wote. Alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeupe, sari ya pamba, na Kiswahili chake kilikuwa cha Dar kuliko changu.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Hicho kidude kinaona mpaka wapi?"

"Kiti chako na dirisha tu, Ba. Chumbani hakifiki."

"Na nani anatazama?"

"Wanao wawili. Na mimi."

"Wewe umeingiaje?"

"Mimi ndiye ninayefungua, Ba."

Akacheka. "Haya, mlinzi wangu. Ila ukiniona nimelala mdomo wazi, usimwambie mtu."

Siku nane mambo yalikwenda vizuri kabisa. Mama wa vitambaa alipanda ngazi zetu asubuhi na mchana, anaangalia, anashusha pumzi, anarudi dukani. Kaka alifungua mara moja kwa siku kabla ya kwenda kazini, saa nne na nusu za kwetu. Tuliijua saa yake kama saa ya sala.

Siku ya tisa nilifungua ukurasa saa tatu na nusu. Picha ikaanza kushuka taratibu kutoka juu, mstari kwa mstari, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mstari wa kwanza mwekundu. Wa pili mwekundu. Ikashuka mpaka chini, nyekundu tupu, isipokuwa kwenye kona moja palipobaki kipande cheupe.

Mama wa vitambaa alikuwa kasimama nyuma yangu. Alitoa sauti ambayo sijaisikia tena.

Bosi akaja mbio. Akainama, akatazama. "Moto!" akasema. "Hapana, damu! Mama yangu wee, ni damu hiyo!"

"Bosi, nyamaza kidogo," nikasema. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, lakini alinyamaza. Nikakazia macho ile kona nyeupe. Lilikuwa pazia la dirishani, nalo limening'inia vilevile kama jana. "Mama, nyumba inayoungua pazia lake halitulii hivi. Na damu haiwezi kuruka ikafunika kamera nzima. Kuna kitu mbele ya kamera, basi."

"Kitu gani?"

"Sijui. Piga simu nyumbani."

Nikakata intaneti, akapiga kwa simu yetu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Hakuna mtu.

Nikachukua pochi yangu. Na juu ya yote kulikuwa na saa ukutani. Ilibaki saa moja kasoro kaka aamke, afungue, aone kile tulichokiona sisi. Huyo hangeuliza habari za pazia. Angekata tiketi.

Tuliteremka ngazi tukakamata teksi. Kariakoo asubuhi unaijua: mikokoteni, magunia, malori ya bandarini yanashusha mzigo katikati ya njia. Dereva anapiga honi, wachukuzi wanamwambia, "Tuinue gari yako kichwani, bosi?" Mama wa vitambaa alinishika mkono mpaka bangili zake zikaniachia alama. Midomo yake ilikuwa inaomba. Mimi nilikuwa nahesabu: kompyuta ya fleti itatuma picha saa nne, halafu saa nne na nusu. Tukiwahi ile ya saa nne na nusu, tumepona.

Fleti ilikuwa ghorofa ya pili. Mama wa vitambaa alitoa funguo, zikamwanguka. Kabla hajaziokota, mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Ba. Mzima, kaoga, sari mpya, nyumba inanukia ubani. Mkononi kashika sahani ya shaba yenye taa ndogo, maua na wali kidogo. Ncha ya kidole chake cha tatu ilikuwa nyekundu.

"Mbona mnahema?" akauliza. "Mmefukuzwa na mbwa?"

Mama wa vitambaa alikaa chini palepale kizingitini akalia.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kamera. Kioo chake, lile jicho dogo, kilikuwa kimezibwa na doa nene la kumkumu, ule unga mwekundu ambao Wahindu hujipaka kwenye paji la uso. Pembeni yake Ba alikuwa amebandika punje mbili za wali.

"Ba, umeifanya nini kamera?"

"Nimeibariki." Alinitazama kana kwamba swali lenyewe ni la ajabu. "Chombo kipya kinaingia nyumbani bila kubarikiwa? Gari tunabariki, vitabu vya duka tunabariki. Nilikuwa nangoja siku njema. Kalenda inasema leo."

"Lakini Ba, umepaka kwenye jicho!"

"Sasa nipake wapi? Kichwa chote jicho! Paji la uso nimelitafuta, hakuna. Nikaweka katikati."

Nilijitahidi nisicheke. Binti yake hakuona cha kuchekesha. Aliinuka pale chini akiwa mkali. "Simu je? Nimepiga simu mara ngapi!"

"Nilikuwa kwenye sala. Mungu akiwa anazungumza nami, niinuke nikapokee simu?"

"Ba, kaka akiona picha ile anakuja kukuchukua! Unaelewa?"

Ba aliitazama kamera. Hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa anaelewa sana, siku zote tisa alikuwa anaelewa. Sari mpya ile, ile sahani, alikuwa anaiombea kamera isimwangushe.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Picha ya saa nne ilishakwenda, nyekundu kama mwenzake. Nikatoa leso. Ba akanizuia mkono.

"Baraka haifutwi, binti."

"Hatuifuti, Ba. Tunaipandisha." Nikamwonyesha juu ya jicho, pale penye plastiki. "Paji la uso lake ni hapa. Mimi ndiye niliyeifunga, naijua."

Alifikiri. Akainama akaitazama kamera kwa karibu, kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe. "Ni kweli," akasema. "Nilikosea."

Nikafuta kioo taratibu, nikipulizia pumzi, mara tatu, mpaka kikang'aa. Ba akachovya kidole, akaweka doa jipya juu, dogo, sawasawa. Nilimwambia aende kwenye kiti chake. Hakukaa. Alisimama mbele ya kiti na sahani yake, kichwa juu, na kompyuta ikaanza: tii-ta-ta-tii, kwaruuu. Mama wa vitambaa akaziba masikio. Mimi niliusikiliza mlio ule mpaka mwisho. Ikatuma. Ikakata.

Tukakaa. Ba peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba tulikuwa hatujanywa chai.

Simu ililia chai ikiwa bado ya moto. Ba alipokea mwenyewe, safari hii. Alisikiliza kwa muda, halafu akasema kwa Kiswahili, na nadhani alitaka na mimi nisikie:

"Nyekundu? Ndiyo, zilikuwa mbili nyekundu. Ulikuwa unanitazama kupitia baraka, mwanangu. Ni wewe tu hukujua."

Tukasikia kicheko cha mwanamume kikitoka kwenye simu, chembamba, cha mbali. Akazungumza na dada yake kwa Kigujarati. Mama wa vitambaa alikuwa anaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka bila sauti. Alipoweka simu alisema, "Tiketi hakati. Anasema mtu anayeweza kubishana hivyo hahitaji kuhamishwa. Anataka tu simu iwekwe karibu na mahali pa sala." Ba akasema hilo atalifikiria.

Nilipoaga, Ba alinikabidhi kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na kumkumu, chembe tu, kama chumvi ya yai moja.

"Cha mashine ya kule kwenu," akasema. "Huku moja imebarikiwa, kule haijabarikiwa, zitaelewanaje?"

Nilishukuru nikakiweka kwenye pochi. Nilirudi Kariakoo kwa miguu, polepole, nikiwa na furaha ya kutosha kugawia mtaa mzima. Bosi alitaka habari zote, nikampa, akacheka mpaka akashika meza, halafu akasema, "Mimi nilijua tangu mwanzo si damu."

Kesho yake niliwahi kufika kabla ya watu. Nilifungua madirisha, nikafuta meza, nikazivua kompyuta vitambaa vyake. Kwetu tunaenda kanisani, na kumkumu sikuwahi kuishika. Nilikifungua kile kipande cha gazeti, nikachovya kidole cha tatu kama nilivyomwona akifanya. Nikaitazama modemu pande zote. Yenyewe haikuwa na jicho hata moja. Nikaigeuza, nikaweka doa dogo nyuma, juu kidogo ya pale unapochomekwa waya wa simu, nikairudisha kama ilivyokuwa, nikaiwasha.