Saini Niliyofundishwa na Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa tumbo moja aliniletea karatasi ya kuninyang'anya kadi ya matibabu, akaniambia ni utaratibu tu. Nikatia saini. Hilo ndilo kosa lake. Langu nitalisema pia, ingawa uso unaniwaka.

Nilikuwa dobi wa hoteli kubwa, miaka kumi na tisa ndani ya mabuti ya mpira. Yeye alikuwa karani wa ofisi ya wafanyakazi, ghorofa ya juu. Mimi sikupelekwa shule ili nimlee. Yeye akasoma hadi chuo. Mama alituachia urithi mmoja sote wawili: kisukari.

Uchumi ulipoyumba, wageni wakaadimika. Mashuka tuliyokuwa tukiyafua kwa siku moja sasa yalipatikana kwa wiki nzima. Amri ikatoka juu: wenye vyeti vya shule wabaki na ajira na kadi zao, wasio na vyeti wawe vibarua, bila kadi. Sisi wa chini hatukuambiwa hivyo. Tuliletewa karatasi.

"Dada, saini hapo, na wenzako pia," mdogo wangu alisema, macho yake kwenye sakafu iliyolowa.

Pale kwa madobi niliitwa Profesa. Nilichomeka kalamu kwenye kilemba, na namba za vyumba nilizijua zote. Kusoma sikujua. Hata hiyo saini alinifundisha yeye, akiwa darasa la tatu.

Mpiga pasi, shoga yangu, akafuta mikono. "Haya Profesa, tusomee. Isije ikawa tunaozwa hapa!"

Wakacheka. Nikaishika karatasi, nikapitisha macho polepole, nikageuza hata upande wa nyuma uliokuwa mtupu. Mdogo wangu ananitazama. Alijua. Akanyamaza, nami kwa aibu sikumuuliza.

"Inasema saa za kazi zitapunguzwa mpaka wageni warudi."

"Basi?"

"Basi, shoga."

Akaweka dole gumba. Wengine wanne wakafuata.

Mwezi uliofuata, dirisha la dawa lilinirudishia kadi. "Mama, hii imefungwa." Nikaanza kumeza kidonge siku moja, siku ya pili naruka. Kidonda nilichopata kwenye buti kikagoma kupona, nikakatwa vidole viwili vya mguu. Mdogo wangu ana ugonjwa ule ule. Anapimwa kila mwezi, na anatembea na viatu vyake vya kisigino.

Mpiga pasi alikuwa na presha. Naye alikosa dawa. Mkono ulionyoosha mashuka ya hoteli nzima sasa umelala pajani kama nguo iliyokamuliwa.

Nilikwenda kumwona, nachechemea.

"Profesa wangu, karibu! Mguu wako na mkono wangu, tukiunganishwa tunatoka mtu mmoja." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Lakini wale watu! Wewe umesoma vizuri kabisa, wao wakaenda kubadilisha karatasi."

Nikainamisha kichwa. "Watu wabaya, shoga," nikajibu.

Mdogo wangu anadaiwa kushuka ghorofani na kutusomea karatasi ile kwa sauti, neno kwa neno, sote sita tukisikia. Na mimi nadaiwa na mpiga pasi maneno mawili tu: sikujua kusoma. Bado sijamwambia.