Mzee wa Benchi Hasogei Tena

Mkewe alipoondoka alichukua kochi, meza ya chakula na viti vyote isipokuwa kimoja, kile chenye mguu uliofungwa waya. Fundi Lifti hakubishana. Alimsaidia hata kuvishusha, na kwa kuwa siku hiyo lifti ya jengo lao ilikuwa imekwama, majirani walisimama milangoni wakicheka wasiweze kujizuia: fundi wa lifti anashuka ngazi na kochi mgongoni! Baadaye alinunua kompyuta iliyokwisha tumika, akaiweka juu ya sanduku la vyombo vyake vya kazi, akavuta kile kiti, akakaa. Tangu hapo anayemtaka jioni anajua pa kumpata.

Gemu hakununua. Alicheza demo tu, yaani vionjo vya gemu ambazo bado zinatengenezwa, zinazotolewa bure kwa muda ili watu wajaribu na kusema wameona nini. Na demo za makampuni makubwa yenye mabango barabarani hakuzigusa. Alitafuta za watu wadogo, wawili watatu, au mmoja peke yake chumbani, anayechora mwenyewe, anayetunga muziki mwenyewe, na anayeomba radhi mwenyewe mhusika wake anapopita katikati ya ukuta.

Wapo wanaosema ni aibu mtu mwenye mvi kucheza gemu. Waseme. Watu hao hao hukaa mbele ya televisheni wakitazama wenzao wakikimbiza mpira, wakimtukana refa mpaka sauti zikauke, na hakuna anayewaambia wakue. Fundi Lifti walau alimfaa mtu. Mahali fulani kuna anayetengeneza kitu chake kwa miaka, hana tajiri wa kumbeba wala jina la kutisha, anajiuliza kama kuna hata mmoja atakayekifungua. Huyu hapa alikifungua. Alikipitia chote, kisha akamwandikia mwenyewe kwa adabu kwamba mlango wa jikoni unafunguka kabla ya kuguswa.

Alicheza kama alivyokagua lifti. Lifti haikaguliwi kwa kupanda na kushuka mara moja. Unabonyeza kila kitufe, hata kile kisichobonyezwa na mtu. Unasimama kila kona. Unaweka mguu mlango unapojifunga uone kama utakuhurumia. Na ukishaitengeneza, unaipanda wewe kwanza kabla hujampandisha mwingine. Kwa hiyo mtunzi wa gemu akimpa upanga na kumwonyesha zimwi, yeye alimwacha zimwi akinguruma, akaenda kupapasa kuta. Zimwi angengoja. Mazimwi wengi walimngoja fundi huyu mpaka demo ikafungwa.

Dada yake mdogo alimpigia simu kila Jumapili.

"Kaka, umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na sahani."

"Mimi sicheki. Bado uko na hivyo vigemu vyako?"

"Njoo uvione."

"Nije nikae wapi, kichwani kwako? Nunua kiti cha pili kwanza."

"Nitanunua."

"Ndivyo ulivyosema mwaka jana."

Halafu waliongea kuhusu watoto wa dada, mafua, mvua, na simu ikakatika.

Demo iliyomwingia moyoni iliitwa Basi Halijafika. Aliitengeneza mwanamke mmoja ambaye hakuweka picha yake wala jina, alijiita Mtunzi tu. Ndani yake wewe ni mfagiaji wa kituo cha mabasi. Unafagia, unaokota tiketi zilizodondoshwa, unaelekeza abiria. Hakuna wa kumpiga wala wa kumkimbia. Pembeni pana benchi, na kwenye benchi yupo mzee mwenye kofia na begi, anangoja basi ambalo kwenye demo halifiki. Ukichoka unaweza kukaa karibu naye. Hasemi kitu. Ila ukikaa, anasogea kidogo kukupisha.

Fundi Lifti alipokaa mara ya kwanza alitazama kusogea kule akasema "ahsante" kwa sauti, kisha akageuka kuangalia kama kuna aliyemsikia. Nani amsikie? Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Alijiambia anakagua. Lakini kituo alikuwa amekimaliza, kila kona, mpaka choo. Alikuwa akifika kutoka kazini, anavua buti, anafungua demo, anapita moja kwa moja mpaka benchini. Anakaa. Mzee anasogea. Wanatazama barabara tupu ya kuchorwa, huku chai ya fundi ikipoa juu ya sanduku.

Baada ya siku kadhaa akaandika ripoti yake, kama kawaida. Tiketi moja haiokoteki. Fagio linasikika hata ukisimama. Begi moja limezama nusu sakafuni. Na mwisho, mkono ukiandika wenyewe kwa mazoea: mzee wa benchi anasukumwa mchezaji akikaa, miili miwili inagongana, ni hitilafu.

Mtunzi alijibu haraka. "Ndugu Lifti, Mungu akupe maisha marefu! Hiyo ya mzee na ya begi ni ugonjwa mmoja. Nimeuchimbua mpaka mzizi. Pakua toleo jipya."

Akalipakua. Ukishatengeneza, unapanda kwanza. Alifagia kidogo kwa heshima, akaenda benchini, akakaa.

Mzee hakusogea.

Alisimama, akakaa tena. Akazunguka upande wa pili, akakaa. Mzee alikuwa kama amemiminwa kwa saruji, macho barabarani, bega lake likigusa bega la mfagiaji bila kujua kwamba lipo. Kila kitu kilikuwa sawa sasa. Tiketi inaokoteka, fagio limenyamaza, begi limekaa juu ya sakafu kama begi la mtu mwenye akili. Na Fundi Lifti, kwenye kiti chake, alihisi kama mtu aliyeamkia watu sebuleni na asiitikiwe.

Ilimchukua jioni nzima kuandika ujumbe mfupi, kwa sababu hakuwahi maishani kumwomba mtu arudishe kosa.

"Dada Mtunzi, samahani. Ile hitilafu ya mzee nilikosea kuiita hitilafu. Naomba uirudishe kama inawezekana."

"Umenichekesha na umeniua," akajibu Mtunzi. "Siwezi. Nikiirudisha, mizigo yote inazama sakafuni. Mzee hakuwa anakupisha, ndugu yangu, alikuwa anasukumwa. Naweza kumfundisha asogee kwa makusudi, lakini hapo lazima nijue mtu husogeaje. Mimi nafanya kazi chumbani peke yangu, hata sikumbuki mara ya mwisho kukaa benchi moja na mtu. Wewe unajua? Nieleze. Jumamosi nafunga demo, na sehemu ya benchi sitaigusa tena, nina kazi nyingine chungu nzima mbele."

Fundi Lifti alisoma swali lile akagundua kwamba hajui. Kazini alisimama ndani ya vyumba vya chuma au alilala chali juu yavyo. Nyumbani alikaa peke yake. Chakula cha mchana alikula amechuchumaa penye mashine. Mtu husogeaje? Kabla hujakaa au baada? Anakutazama?

Siku iliyofuata walikuwa na kazi hospitalini, yeye na mwenzake anayeitwa Bingwa, mtu wa domo refu na mikono myepesi. Lifti ya wagonjwa ilikuwa inasimama kiganja kimoja chini ya sakafu. Bingwa alipokuwa akijaribu breki, Fundi Lifti alijifuta grisi, akatoka kwenda kwenye ukumbi wa kungojea, ambako mabenchi yalipangwa mbele ya milango ya madaktari, na akaenda kukaa karibu na mwanamke mwenye bahasha kubwa ya picha za eksirei.

Mwanamke akasogea. Alisogea kabla, magoti ya fundi yalipoanza tu kukunjika, na hakumtazama usoni.

Fundi akainuka akaenda benchi la pili. Kijana mwenye simu alisogeza begi, mwili akauacha pale pale. Benchi la tatu lilikuwa limejaa, na bwana mmoja mnene wa pembeni, ambaye hakuwa na pa kwenda, alijinyanyua, akajitikisa, akarudi alipokuwa. Hakuna nafasi iliyopatikana, lakini alikuwa amesogea. Fundi Lifti alitaka kumkumbatia.

"Wewe!" Bingwa alikuwa amesimama mlangoni mwa lifti, bisibisi mkononi. "Una nini leo? Unahamahama kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

Watu wakacheka. Hata bwana mnene akacheka.

"Napumzika," fundi akasema.

"Unapumzikia mabenchi yote? Mwambie daktari akupime makalio, tuko hapa hapa!"

"Endelea na breki zako."

"Breki zimekaa. Wewe ndiye hujakaa!"

Alirudi kwa mwanamke wa bahasha. Mwanamke akasogea tena, na safari hii akasema, "Kaa tu, baba, benchi si la mtu." Fundi akashukuru. Alitaka kusema jambo zaidi. Alitafuta la kusema, kuhusu foleni, kuhusu hali ya hewa, lolote ambalo watu hulisema, na alipokuwa bado analitafuta mlango ukafunguliwa, mwanamke akaitwa, akainuka na bahasha yake akaingia. Hakuaga. Kwa nini amuage? Fundi aliweka kiganja pale mwanamke alipokuwa amekaa. Mbao ilikuwa bado na joto. Alikiacha pale mpaka joto likaisha, kisha akaenda kusawazisha lifti.

Jioni akamwandikia Mtunzi kila kitu, kwa usahihi uleule wa ripoti zake. Kwamba mtu husogea magoti ya mgeni yanapokunjika, si baada ya kukaa. Kwamba hatazami. Kwamba wengine husogeza mzigo tu. Kwamba hata asiye na nafasi husogea. Na kwa kuwa hakuzoea kuficha sehemu ya alichokiona, aliandika pia kwamba yule aliyesogea vizuri kuliko wote aliitwa akaenda bila kuaga, na mbao ikabaki na joto kwa muda.

Alipobonyeza kutuma aliogopa. Mtunzi asipoweza je? Jumamosi ikifika na mzee ni jiwe, atabaki jiwe hata gemu ikikamilika. Hilo kwa watu wengine ni jambo dogo, najua. Tuna mashujaa wa kutosha kwenye skrini zetu wanaookoa dunia nzima kabla ya kifungua kinywa. Wa kukupisha ukae ni wangapi?

Siku mbili zikapita. Ijumaa fundi alipotoka kazini alikuta toleo jipya, bila ujumbe.

Alivua buti moja, akaisahau nyingine. Akafungua. Hakufagia. Alikwenda mpaka benchini, akabonyeza kitufe cha kukaa, na magoti ya mfagiaji yalipoanza tu kukunjika, mzee wa kofia akavuta begi lake, akasogea. Hakumtazama. Haukuwa ule msukumo wa zamani wa miili kugongana. Huku kulikuwa kusogea kwa mtu.

"Ahsante," Fundi Lifti akasema, na safari hii hakugeuka kuangalia kama kuna aliyemsikia.

Walikaa. Barabara ilikuwa tupu kama kawaida. Halafu kikasikika kitu ambacho hakikuwahi kusikika kwenye demo ile, mngurumo wa basi. Basi likafika, mlango ukafunguka, mzee akainuka na begi lake, akapanda. Hakuaga. Basi likaondoka, na pale mzee alipokuwa amekaa, Mtunzi alikuwa amechora doa jepesi la rangi ya chungwa ambalo lilififia taratibu mpaka benchi likawa rangi moja.

Fundi Lifti alingoja. Labda atarudi. Alifagia kituo kizima akarudi, benchi tupu. Alifunga demo akaifungua upya: mzee akasogea, basi likaja, akaenda. Mkono wake ukaanza kuandika ripoti: mzee anaondoka, mchezaji anabaki peke yake. Akaisoma sentensi ile, akaifuta. Halikuwa kosa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemweleza Mtunzi hivyo.

Akafungua tena. Mzee alipoondoka, mfagiaji alibaki katikati ya benchi, akiwa amelijaza kwa mwili wake mdogo na fagio lake. Fundi akajaribu kumsogeza. Alibonyeza mshale wa kulia, mfagiaji akainuka. Alibonyeza wa kushoto, akainuka. Alijaribu kibodi nzima, kitufe kwa kitufe, hata vile visivyobonyezwa na mtu. Mfagiaji aliweza kukaa na kuinuka, basi.

"Dada Mtunzi," akaandika, "umemweza mzee, mikono yako isichoke. Sina hitilafu ya kuripoti. Nina ombi moja tu, najua kesho unafunga na kazi ni nyingi. Mzee anajua kusogea, mfagiaji hajui. Naomba kitufe cha kusogea. Hata kama kituoni hakuna anayekuja."