Dakika Aliyoahidi Kuifuta

Saa nne asubuhi, Kibiti. Ndani ya nyumba ya bibi harusi vigelegele vinapokezana, na nje, upenuni, Mshamu Haidari anapangusa kioo cha kamera yake kwa kitambaa laini. Anakagua betri, anaingiza mkanda mpya, anajaribu kurekodi kidogo na kurudisha nyuma. Kisha anampa kamera mkewe.

Muzdalifa anaipokea, anaiweka begani juu ya baibui lake na kuingia ndani. Mshamu anageuka, anavua viatu na kujiunga na wanaume waliokaa kwenye mikeka wakisubiri ndoa ifungwe.

Wapiga video wenzake huingia upande wa wanawake kwa ruhusa ya wenye shughuli, wakapiga picha zao na kutoka. Yeye haingii. Huu ni mwaka wa sita.

"Wanawake wa huku hawanitaki ndani," anasema bila kuulizwa. "Wana haki yao. Mimi ndiye niliyewaonyesha kwamba kamera yangu haina adabu."

Mshamu, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mtu mrefu, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini. Kwa harusi moja hulipwa shilingi elfu arobaini, na kwa mwezi hupata harusi mbili au tatu, isipokuwa Ramadhani ambapo hapati kitu. Ukiuliza Kibiti nzima mpiga video mzuri ni nani, utatajiwa jina lake. Ukiuliza zaidi, utasikia habari za kitanda.

Mwaka 1999 Mshamu alitengeneza filamu ya mapenzi ya kuchekesha, ya watu wazima, akaiita *Kitanda Kiko Wapi*. Wakati huo hakuna mtu wa Rufiji aliyekuwa amesikia kitu kama hicho.

Alizaliwa Salale, kwenye visiwa vya delta, mtoto wa mkata mikoko. Alikuja Kibiti kijana, akawa muuzaji katika duka la ushirika mpaka duka likafungwa. Biashara zilipofunguliwa na bidhaa za nje zikaanza kumiminika, ndipo televisheni na deki za video zilipofika mjini hapo. Mshamu aliajiriwa kwenye kibanda cha video. Filamu zilikuwa za lugha za watu, kwa hiyo yeye alisimama pembeni ya televisheni akiwaeleza watazamaji kinachosemwa. Alichokuwa hakijui alikibuni.

"Nikagundua watu wanacheka zaidi kwa maneno yangu kuliko ya kwenye mkanda," anakumbuka. "Nikaanza kuwaza, kwa nini nisitengeneze ya kwangu?"

Mwaka 1994 binamu yake alirudi kutoka Maskati na kamera ya video. Mshamu aliinunua kwa kuuza mikorosho yake ya urithi, yote. Akaanza na harusi. Miaka mitano baadaye alikuwa na kisa chake kichwani.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwanamke mjane wa makamo anapendana na mfanyakazi wa pantoni. Wanaoana kwa shekhe, ndoa halali kabisa, lakini kwa siri, kwa sababu watoto wa mjane ni wakubwa na hawataki kusikia kwamba mama yao anataka mume. Sasa ni mke na mume na hawana pa kulala. Wananunua kitanda na kuanza kuzunguka nacho wakitafuta chumba, na kila wanapofika kuna mtu anayewafahamu.

Vijana wakioana, anasema Mshamu, kila mtu anafurahi. Mama wa miaka arobaini na sita akisema anataka kulala na mumewe, mtaa mzima unainamisha macho. Hilo ndilo alilotaka kulionyesha, na alitaka watu wacheke mpaka waone aibu ya kucheka.

Alihitaji mwanamke wa kulibeba. Alimpata Ndundu, kwenye kivuko cha Mto Rufiji, mwanamke aitwaye Sikudhani.

Kabla ya daraja, magari ya kwenda kusini yalilala kwenye foleni ya pantoni, mto ukijaa hata siku mbili. Huyo Sikudhani alikuwa akiwauzia abiria vitumbua na samaki wa kukaanga, na madereva waliokuwa wamekasirika walikuwa wakiondoka kwenye meza yake wakicheka. Alikuwa mjane wa kweli, miaka minne tangu mumewe afariki kwa homa. Naye alitoka Salale, kwa hiyo Mshamu alimwita dada tangu utotoni.

Sikudhani alifikiri wiki nzima. Akakubali kwa masharti matatu: filamu isionyeshwe watoto, wanawake watengewe siku yao, na neno lolote lililomtoka ambalo hakulitaka, lifutwe. Mshamu akasema ndiyo kwa yote.

Mume wa kwenye filamu alikuwa Mfaume, fundi seremala wa Ikwiriri, ambaye pia alikitengeneza kitanda. Walipokipandisha kwenye pantoni, abiria hawakujua kwamba ni mchezo. Bibi mmoja aliwauliza kama ndio kwanza wameoana. Sikudhani akamjibu kwamba wana wiki mbili za ndoa na bado hawajalala, na pantoni nzima ikaangua kicheko. Mshamu alirekodi yote.

Maneno mengi ya filamu hakuyaandika yeye. Palipokuwa na mahali ambapo mtoto mkubwa anamuuliza mama yake kama haoni haya kwa umri wake, Sikudhani aliyaacha maneno aliyopewa akasema yake: "Mimi sijazeeka. Nimefiwa tu." Mshamu aliiacha sentensi ile kama ilivyo.

Siku ya tano walikuwa Ikwiriri, chumbani kwa Mfaume. Walikuwa wamesimamisha kazi kidogo kwa sababu ya joto. Mfaume na Mshamu walitoka kunywa maji. Ndani walibaki Sikudhani na Muzdalifa, aliyekuwa akisaidia mambo ya nguo. Kamera ilikuwa juu ya miguu yake mitatu, na kile kitaa chekundu kinachowaka kamera ikirekodi Mshamu alikuwa amekiziba kwa karatasi ya gundi, kwa kuwa kiliwababaisha waigizaji.

Kamera ilikuwa bado inarekodi.

Sikudhani alikaa kwenye kile kitanda akaanza kumsimulia Muzdalifa habari za marehemu mumewe. Alivyokuwa akirudi kutoka kukata mikoko baada ya wiki mbili, ananuka tope na chumvi. Alivyokuwa akimwita jina ambalo hakuna mwingine aliyemwita. Na mambo ya faragha ambayo mwanamke humwambia mwanamke mwenzake mlango ukiwa umefungwa. Alisimulia akicheka, na mwisho akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

Ilikuwa dakika moja, labda na nusu.

Jioni walipotazama kazi ya siku ile, Sikudhani alijiona. Akamwambia Mshamu kwamba hayo hayamo kwenye filamu, ni ya marehemu, na ayafute.

"Nikamwambia, 'Dada, usiwe na wasiwasi, nitayatoa,'" anasema Mshamu. "Na wakati ule nilikuwa na nia ya kuyatoa. Sikumdanganya siku ile. Nilimdanganya baadaye, nilipobaki peke yangu na mkanda."

Alikata na kuunga filamu yake kwa siku tisa, kwa deki mbili zilizounganishwa kwa waya. Kila alipofika pale alisimamisha. Hakuwa na kipande kingine chenye uhai kama kile. Mkewe alimwambia afute. Alimwambia mara ya pili, na mara ya tatu aliacha kusema.

Mshamu akakiweka katikati ya filamu, kana kwamba mjane wa kwenye kisa anamsimulia jirani yake.

Filamu ilionyeshwa Kibiti kwa siku nne, wanaume siku tatu na wanawake siku moja. Kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili. Ukuta wa makuti ulivunjika kwa watu kujazana. Na mahali walipocheka zaidi kuliko pote palikuwa pale pale, kwenye ile dakika. Sikudhani hakuwepo, alikuwa kwenye meza yake Ndundu, akisubiri aletewe habari.

Baada ya wiki tatu mfanyabiashara mmoja alikwenda na nakala Dar es Salaam. Mikanda ikarudi mingi, ndani ya makasha ambayo Mshamu hakuyatengeneza, ikaonyeshwa mchana kweupe, watoto wakiwa mbele. Hata angetaka kuirudisha, hakujua iko wapi.

Sikudhani ana mtoto mmoja, Sadala, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mkulima wa Mbwara. Alisikia kwamba mama yake yumo kwenye filamu na kwamba anachekesha sana. Akafurahi. Akafunga safari hadi Ikwiriri na rafiki zake watatu, akawalipia kiingilio.

Wanaosimulia wanasema alicheka na wenzake kwenye mambo ya kitanda na pantoni. Ile dakika ilipofika akalisikia jina ambalo baba yake alimwita mama yake faraghani, na yaliyofuata, na kibanda kizima kikipiga makofi. Alitoka kabla haijaisha.

Alimkuta mama yake Ndundu, watu wamemzunguka wakinunua samaki. Hakupaza sauti. Alimwambia, "Baba umemuuza kwa shilingi mia mbili," akaondoka. Hakurudi tena.

Sikudhani hakumfuata. Aliamini Mshamu akisikia atakwenda kumweleza kijana ukweli: kwamba mama yake hakujua, na kwamba alipojua aliomba ifutwe. Mshamu alisikia jioni ile ile. Hakwenda.

Kwa nini?

"Nilikuwa naitwa dairekta," anasema. "Nikipita, watu wananipungia mkono. Nikamwambia mke wangu hasira za kijana zitapoa. Halafu mwezi ukapita, nikaona haya kwa kuwa mwezi umepita. Halafu mwaka."

Wazee wa msikiti walimwita, akakubali kuacha kuionyesha. Wenye shughuli wakaanza kumuuliza kama kamera yake imezimwa kweli, na wanawake wakaacha kumruhusu ndani. Hapo ndipo Muzdalifa alipojifunza kurekodi, na ndipo nyumba ilipoendelea kula. Mfaume hakupatwa na lolote. Watu walimnunulia chai, na wateja wa vitanda waliongezeka.

Sikudhani, ambaye zamani aliitwa na wazazi kuwafunda mabinti zao, hakuitwa tena. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, foleni ilikwisha na meza yake ikakosa watu. Akafunga vyombo akarudi Salale.

Mshamu alimwona mwaka jana. Alikodiwa kupiga video harusi ya huko, na boti lilipoingia kwenye mikoko ya utotoni alijua kwamba safari hii hataweza kumkwepa. Alimkuta uani akianika kamba wabichi. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi. Alimkaribisha, akampa maji, akamuuliza hali ya Muzdalifa.

Mshamu akaanza kuomba radhi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu bandarini. Sikudhani alimwacha aseme kidogo, kisha akamkatiza.

"Maneno yale nilimwambia mkeo, Mshamu. Wewe hukuwemo chumbani."

Hakuwa amekasirika, na hilo, anasema Mshamu, ndilo lililomwumiza. Alimwambia kwamba radhi yake ameshampa zamani, kwa sababu alichoka kukaa na kinyongo moyoni. Kilichobaki si chake. "Nenda kwa mwanangu," alisema. "Mwambie nilikuomba ufute. Basi. Mimi akinisikia nikisema, ataona najitetea."

Mara mbili Mshamu alifunga safari ya Mbwara akaishia Ikwiriri. Mara ya kwanza alijiambia mvua itamkamata. Mara ya pili hakujiambia kitu, aligeuza tu. Mara ya tatu Muzdalifa alikwenda naye, akakaa kwenye basi kiti cha upande wa mlango ili mumewe asishuke.

Sadala sasa ana mke na watoto wawili. Aliwapokea kwa heshima kama ilivyo desturi. Mshamu alisema yote: kitaa chekundu, ombi la Sikudhani, ahadi, siku tisa za deki mbili. Muzdalifa akathibitisha, kwani ndiye aliyesimuliwa. Sadala alisikiliza akiangalia chini, akichezea jembe kwa kidole cha mguu.

Walipomaliza aliuliza swali moja. "Mjomba, ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Mke wa Sadala akaleta chakula. Walikula, wakaaga.

Lakini Idd iliyofuata kiroba cha mchele kilifika Salale kwa boti, bila barua. Sikudhani alimwuliza aliyekileta ni nani aliyekituma, akaambiwa ni mtu wa Mbwara. Aliupika mchele ule siku hiyo hiyo, akawaita majirani.

Mwezi uliopita Sadala alimpelekea Mshamu ujumbe. Atakwenda kumsalimia mama yake baada ya kuvuna, na watoto wake wataandamana naye, maana hawamjui bibi yao. Ila njia ya delta ameisahau, na angependa apelekwe na mtu anayeifahamu.

Mshamu ameshazungumza na mwenye boti. Anataka waondoke maji yakijaa asubuhi ili wafike kabla jua halijawa kali kwa watoto. Amehesabu nafasi: Sadala, mkewe, watoto wawili, Muzdalifa na yeye.

Vigelegele vinaongezeka ndani. Ndoa imeshafungwa, bibi harusi anatolewa. Wanaume wanasimama kumpisha. Mshamu anavaa viatu vyake na kusogea pembeni. Anaulizwa atasema nini siku hiyo, watakapofika mlangoni kwa Sikudhani.

"Sitafika mlangoni," anajibu. "Nitawashusha, nibaki kwenye boti. Watakayoambiana mle ndani ni yao."