Kiondo cha Ukweni na Pacha Wake

Mlinzi alimsimamisha mama langoni na kumwambia, kwa adabu, arudishe kiondo cha makumbusho. Kiondo hicho mama alikuwa amekisuka kwa mikono yake mwenyewe, au hivyo ndivyo alivyoamini hadi dakika hiyo.

Ilikuwa Jumamosi, miaka ya themanini ikianza. Akina mama wa kanisa letu la Buruburu walikuwa wamekodi basi kwenda kutembelea jumba dogo la kazi za mikono, upande wa pili wa mji. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya ukarani, wakanichukua niwasomee maandishi ya Kiingereza. Mama alikuja na kiondo kipya cha mkonge, cheusi chenye mistari ya zambarau. Wiki iliyofuata kingebeba zawadi kwenda kwa wazazi wa mchumba wa kaka yangu, na alitaka wenzake wakione kwanza.

"Leo umebeba kiondo au kiondo kimekubeba?" jirani yetu alimchokoza. Alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa magharibi mwa nchi, na hakuna aliyejua kumchekesha mama kama yeye.

Akina mama hawa hawakusalimia mtu na mzigo mgongoni. Walipoingia walitua viondo vyao chini ukutani, ndipo wakampa mkono kijana mtunza jumba, mmoja mmoja. Jirani akaona cha mama kitakanyagwa. Akakiinua na kukiweka juu ya benchi, kando ya kiondo kingine kilichokuwa pale kwa maonyesho. Nacho kilikuwa cheusi chenye mistari ya zambarau.

Tukatazama vyungu, vigoda na ngao. Mama mmoja aliuliza mwiko wa ugali kama wake umefanya kosa gani hata ukafungiwa kwenye kioo, na kijana akacheka kutushinda. Wakati wa kuondoka, jirani alichukua kiondo pale kwenye benchi akampa mama. Mlinzi akaona.

Tukarudishwa ndani. Kijana aliviweka viwili mezani, akasema chao kilinunuliwa majuzi kutoka upande ule ule alikozaliwa mama. Mama akapindua cha kwanza, akakagua kitako, mahali usukaji unapoanzia.

"Huu ni mkono wangu."

Akapindua cha pili. Akapitisha kidole kitakoni.

"Na huu pia."

"Hongera, mwenzangu! Umejifungua pacha!" jirani akapaza sauti.

Vigelegele vikalipuka. Mama alicheka akijishika mbavu, lakini macho hayakutoka mezani. Ukweni hupeleki kazi ya mwanamke mwingine ukasema ni yako.

"Chagua, mama," kijana akasema.

Akachagua cha kushoto.

Wiki iliyofuata tulikwenda ukweni, jirani akiwa nasi, na mama mzazi wa mchumba alikiinua juu watu wote wakione, akauliza kimesukwa na nani. Mama alimtazama jirani, akanitazama mimi, akajibu kwamba ni yeye mwenyewe. Mpaka leo hakuna kati yetu watatu anayejua kama alisema kweli.