Siku Mwili Yangu Ilichanua Maua Nateete

Banange, hii nawaambia, lakini mwenye atacheka mpaka aanguke, atajinyanyua mwenyewe. Mimi mtu wa boda, stegi ya Nateete, nilivuliwa shati mbele ya soko nzima, na mwenye alinivulisha ni nesi.

Ilianza na kikohozi tu. Ssali, mwenzangu wa stegi, akanipa vidonge zake zenye zilibaki ("meza, mimi zilinisaidia"), nikameza wiki nzima, halafu asubuhi moja naamka, kifua na mgongo ni vipele tupu, nyekundu! Nikabeba daftari yangu ya matibabu, nikaenda kliniki. Sista Halima, nesi wa pale, akauliza, "Umemeza dawa gani?" Nikasema hakuna (huyo mama ana mdomo, ningegombezwa). Akaandika kwa daftari: exanthema. Akasema nirudi kesho.

Sasa mimi na shule yangu ya praimari, nipate jina kubwa namna ile ninyamaze? Nikafika stegi, nikasoma kwa sauti: "Eksanthema! Nyinyi kaeni na malaria yenu ya washamba!"

Weh! Abiria wangu akashuka. Mama wa chapati akafunika chapati. Mzee Ojok, cheamani wetu, mwanajeshi mstaafu, akasema, "Kijana, toa pikipiki hapa. Utarudi musawo wa kliniki akisema umepona." Na hiyo stegi ndiyo inanilisha, mimi na mama yangu.

Nikakimbia kumwita Sista. Akaja na miguu, kwa jua ile, akaniamuru, "Vua." Soko nzima ikajaa hapo stegi. Akawaambia, "Jina hii ni ya Wagiriki wa zamani, maana yake kuchanua, kama maua. Inasema tu ngozi imetoa vipele. Nini imevileta, haisemi."

Ssali akachungulia mgongo yangu. "Ssebo, si itakuwa zile vidonge zangu?"

Sista akanigeukia polepole. Na mimi nilikuwa na mbili mfukoni, za mchana; nikazitoa.

"Lete hapa! Ungeendelea kumeza, ungeletwa kwangu umebebwa." Halafu akamwambia Mzee, "Hii ni dawa imemkataa, haiambukizi. Ugonjwa yake ni uongo tu."

"Rudi kwa laini ya pikipiki," Mzee akasema. "Lakini vaa shati kwanza."

Leo stegi nzima wananiita Maua, na mimi naitika. Sista Halima jioni namrudisha kwake Makindye, simchaji kitu. Bila miguu yake siku ile, sijui ningekuwa wapi. Dawa ya mtu simezi tena, na nesi akiuliza swali, namwambia yote, hata yenye hajauliza, mpaka ananiambia, "Maua, basi, imetosha."