Wimbo wa Mwisho wa Upande wa Pili

Asubuhi ile nilitoka Kibondo bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimekwenda stendi kunywa chai, nikakuta fuso la maharage linawashwa, na dereva akaniuliza kama najua kufunga turubai. Nikasema najua. Hilo ndilo lililonifikisha Kasulu. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimeishi hivyo: mtu akiniuliza kama naweza kazi fulani nasema naweza, kisha najifunza njiani.

Kasulu nikapata kibarua cha kubeba spika za bendi inayopiga harusini. Ni wanaume watano, watu wazima, waliofika nchini wakikimbia vita Burundi na sasa ni raia wenye mashamba ya mihogo. Wanapiga roki. Nyimbo zao zote ni za bendi moja ya zamani ya Wazungu, ila maneno wameyageuza kwa Kiha na Kirundi. Siku ya kwanza nilisimama na spika begani nikasahau kuitua. Gitaa lilikuwa linanguruma kama mashine ya kusaga, na akina mama wa vitenge, wakwe kwa wakwe, walikuwa wanalicheza kwa adabu kabisa, mikono juu, kama wanavyocheza ngoma ya nyumbani.

Nilishangaa zaidi kwa sababu nyimbo hizo nilikuwa nazijua. Albamu nzima ilikuwa kwenye simu yangu, nimewekewa na jamaa wa kuchaji simu kule Kibondo. Ina nyimbo kumi. Baada ya harusi tatu nikagundua kwamba wanapiga tisa, na kwa mpangilio uleule wa albamu. Ule wa kumi, ambao kwangu ndio mzuri kuliko yote, hawaugusi. Wakimaliza wa tisa wanarudi wa kwanza.

Harusi ya nne, wa tisa ulipoisha, nikapiga kelele kutoka nyuma ya spika: "Haya, sasa ule wa mwisho!"

Mpiga drams akageuka. "Wa mwisho upi?"

Nikauimba kidogo kwa mdomo. Nadhani niliimba sekunde tano. Mpiga besi aliacha mikono ikaning'inia. Kiongozi wa bendi, mzee wa gitaa, hakuniangalia. Alichomoa waya, akaweka gitaa chini kama anayelaza mtoto, akatoka nje ya turubai. Watu wakadhani umeme umekatika.

"Wewe dogo," mpiga drams akaniambia, "umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nauliza tu."

"Huyu naye! Anauliza tu. Mtu anaingia nyumbani kwa watu anafunua sufuria, halafu anasema anauliza tu."

Siku hiyo walimalizia harusi na kinanda peke yake. Tulipokuwa tunapakia vyombo, mpiga drams, ambaye hasira zake hazikai, alinieleza yote huku akikunja nyaya.

Walipovuka mpaka, mzee wa gitaa alikuwa kijana, na alikuwa na mama yake. Walifika Munanila, kijiji cha upande huu wa mpaka, miguu ya mama ikagoma, akapokelewa na familia ya wakulima wenye huruma. Kijana akapandishwa lori na wenzake hadi kambini. Alimwahidi mama kwamba atarudi kumchukua. Kambini dereva mmoja wa misaada akampa kaseti ya hao Wazungu, na gitaa akalipata kwa Wakongo. Akanogewa. Miezi ikapita.

Wakati ule watu wa kambini walitumiana barua za sauti. Unazungumza kwenye kaseti, unampa msafiri. Kijana hakuwa na kaseti tupu, akatuma hiyohiyo ya muziki, pamoja na maelekezo: mwishoni mwa upande wa pili pana nafasi, mama aseme hapo. Huko wakaziba vitundu vya juu ya kaseti kwa karatasi ili ikubali kurekodi, lakini wakaanza mapema mno. Sauti ya mama ikakanyaga wimbo wa kumi katikati.

"Kaseti ilirudi na habari ya msiba," mpiga drams akasema. "Aliyeileta ndiye aliyesema mama amezikwa. Jamaa akaiweka kwenye redio, wimbo ukaenda, ukakatika, mama akamwita jina lake lote. La kwake, la baba, la babu. Sasa wewe mama yako akikuita majina yote matatu, ni heri?"

"Ni fimbo," nikasema.

"Ehe. Akazima hapo hapo. Na hajaiwasha tena. Karibu miaka thelathini. Anasema mama yake alikufa akimlaani, na laana iko mle ndani. Hatuwezi kupiga wimbo ule, kwa sababu sisi sote tunajua unafika wapi."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeona watu wakiogopa njia panda na watu wakiogopa bundi, lakini mtu kuogopa kaseti aliyo nayo nyumbani! Na huyu mzee kazi yake ya kila siku, shamba likipumzika, ni ufundi redio. Ana kibanda karibu na soko.

Asubuhi nilikwenda kuomba radhi. Nilimkuta ameinamia redio ya mtu na bisibisi mdomoni.

"Mwakeye, mzee."

"Mwakeye. Umekuja kuniimbia tena?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Na nimekuletea kitu." Nilitoa simu. "Wimbo mzima ninao humu, mpaka mwisho. Mkiujifunza hapa hamhitaji ile kaseti."

Nilidhani namsaidia. Alitoa bisibisi mdomoni.

"Kumbe unaendelea?"

"Unaendelea, mzee. Dakika mbili zaidi."

"Niliwahi kuujua wote, lakini sasa kichwani mwangu unaishia kwake." Akainuka, akafikia rafu ya juu, akashusha kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa, kaseti. "Utepe umeanza kunata. Mwaka huu au ujao hautazunguka tena. Kila siku nasema kesho. Wewe unajua Kirundi?"

"Kiha nakijua. Tunaelewana."

"Basi kaa. Nikizima, wewe washa. Nikikutukana, washa vilevile."

Aliipangusa kwa pamba na spiriti, akaizungusha taratibu kwa kalamu, akaiweka kwenye redio kaseti ya mteja. Wimbo ukaanza, unayumbayumba kama mlevi. Nikaujua. Katikati ya gitaa, *kap*, kimya, mvumo, jogoo akawika mbali. Kisha sauti ya mwanamke mzee, karibu sana, ikamwita majina yote matatu.

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye kitufe. Nikaushika. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumshika mkono mtu mzima, fundi, kibandani kwake. Aliuvuta mara moja tu, akaacha.

Sauti ikaendelea. "Nimekuita jina lote," mama akasema, "ili kidude hiki kisikosee njia kikaenda kwa mwingine. Nasikia huko kambini mko wengi."

Mzee akasema, "Nini?" Alisema kama anayeuliza mtu aliyemo kibandani.

Nilirudisha nyuma kidogo, nikawasha. Ilikuwa vilevile. Ilikuwa anwani. Mama hakujua kuandika, hakuwa na bahasha, akaandika anwani kwa mdomo. Miaka yote ile, mtu mzima mwenye wajukuu, kwa ajili ya anwani.

"Ulisema utakuja maharage yakitoa maua," mama akaendelea. "Yametoa mara mbili. Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirika mpaka nikachoka, nikaiweka chini hasira yangu. Si kwamba wewe ni mwema. Ilikuwa nzito, na mgongo wangu unauma. Sasa sikiliza. Usije mvua hii. Mto umejaa, watu wanazama. Kaa hukohuko na hao wapiga kelele wako."

Nyuma yake mtu alicheka, mtu akasema jambo nisilolisikia vizuri.

"Eh? Mtoto huyu wa nyumba anasema nimeukanyaga wimbo wa watu. Shauri yenu, mngeniambia mapema. Lakini nimeusikiliza wiki mbili, najua unavyokwisha. Nisikupotezee."

Na akauimba. Naapa. Bibi wa Kirundi akauimba mwisho wa wimbo wa roki kwa pua na makofi, polepole, kama anapepeta mtama, akapunguza mwendo pale ambapo bendi ile huongeza, akaumaliza kwa kicheko. Halafu: "Basi. Ule ushibe, mwana wanje," yaani mwanangu. Utepe ukabaki na mvumo.

Mwenye redio alifika kuichukua, akatuona, akasema atarudi.

Baadaye mzee aliniuliza, "Wako unakwisha hivyo?"

"Hapana. Wa kwangu mwishoni kuna gitaa kali." Nikashika simu. "Nikuwekee?"

"Funga simu yako. Huo wenu, vijana, malizeni wenyewe."

Jioni, kukiwa bado mapema, aliwaita wenzake nyumbani kwake akawachezea kaseti. Mpiga besi alitoka nje akarudi macho mekundu. Mpiga drams alisikiliza mara mbili ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Huu mwisho wa mama hauna mahali pa drams."

"Utapiga makofi," mzee akamwambia.

"Miaka yote nabeba madrams, leo nipige makofi?"

"Angekuwa mama mkwe wako anayepiga makofi, ungekataa?"

Wakacheka, na walipocheka ndipo mzee alipolia. Akasema wataupiga Jumamosi, mbele za watu, lakini kwanza yuko mtu anayestahili kuambiwa. Munanila, alikozikwa mama, hakuwahi kukanyaga tangu siku ile ya lori. Aliamini atamkuta mama amekasirika hata ndani ya udongo. Akanigeukia. "Wewe huna pa kwenda. Twende."

Kesho yake tulipanda gari mpaka Buhigwe, tukapanda pikipiki mbili kutoka pale, kupitia migomba na kahawa. Munanila aliuliza nyumba ya ile familia. Mwenye duka akasema wazee walishafariki, ila binti yao yupo, anauza ndizi mnadani, na leo amekwenda Kasulu, tena labda tumepishana naye njiani. Makaburi anayajua yeye. Mzee akaitikia "ego, ego" kwa kila neno, kama mwanafunzi.

Tukatafuta pa kulala. Nyumba ya wageni ilikuwa moja, vyumba vinne, uani mmeanikwa kahawa. Mama mwenye nyumba alitutazama, mmoja mzee aliyevaa koti la harusi, mmoja na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Karibuni. Mnakaa siku ngapi?"

"Sijui, mama," mzee akasema. "Ninayemfuata hana haraka."

Akatupa ufunguo, akatuonyesha chumba cha mwisho, akasema maji ya moto yatakuwa tayari baada ya kuanua kahawa. Tukamsaidia kuanua.